Kijani Kinachokwama, Manjano Yanayowahi: Kutafuta Chanzo cha Rangi Isiyotarajiwa Katika Matunda na Mboga

Mnunuzi wa Nairobi huhukumu kwa jicho kabla ya kuhukumu kwa mkono. Ndizi huchaguliwa kwa umanjano wake, sukuma wiki kwa ukijani wake, na chungwa lenye ganda la kijani hurudishwa kwenye rundo bila kuonjwa. Mara nyingi hukumu hiyo huwa sahihi. Inapokosea, hukosea kwa sababu kuondoka kwa rangi ya kijani ni kazi inayojitegemea ndani ya tunda au jani, yenye vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kemia ya seli, na kiwango chake cha joto, na inaweza kusimama ilhali kulainika na kuingia sukari kunaendelea, au ikaanza mapema wakati mambo mengine yote bado yako sawa. Maelezo yafuatayo yanapitia dalili zinazoonekana sana vibandani, jikoni na katika bustani za jijini, na kueleza jinsi ya kutofautisha chanzo kimoja na kingine.

Swali la kwanza: kijani kimekwenda wapi?

Ukikutana na jani la manjano au tunda lililogoma kugeuka, uliza kwanza ni lipi kati ya mambo matatu limetokea. Huenda mmea wenyewe unabomoa klorofili yake, yaani kile kitu kinachoupa rangi ya kijani, kwa utaratibu, kama ufanyavyo jani linapozeeka au tunda linapoiva. Huenda klorofili haikutengenezwa ya kutosha, kwa kuwa madini au mwanga ulipungua. Au huenda klorofili ilikuwapo, ikaharibiwa na joto na asidi bila mmea kuhusika, kama inavyotokea sufuriani. Mambo haya hutoa rangi zinazokaribiana, lakini dawa ya moja haifai kwa jingine: mbolea haiwezi kulisaidia jani lililokwisha kuchumwa, na friji haiwezi kuusaidia mche wenye njaa.

Kinachotokea ndani ya jani na ganda

Molekuli ya klorofili ina pete kubwa ambayo katikati yake imekaa atomu moja ya magnesiamu, ikishikwa na atomu nne za nitrojeni, na ina mkia mrefu wa fitoli unaoiegemeza katika utando wa kloroplasti, yaani vijisehemu vya seli vinavyobeba kijani. Jani linapozeeka au ganda linapoiva, klorofili b hugeuzwa kwanza kuwa klorofili a. Kisha kimeng'enya kimoja huitoa magnesiamu, kingine hukata mkia, na cha tatu hutumia oksijeni kuipasua pete. Pete ikishapasuka, kijani kimekwisha. Mabaki yake hufanyiwa mabadiliko madogo na kuhifadhiwa katika vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli, ambamo hukaa bila rangi yoyote. Kwa sababu hayaonekani, wanakemia waliyatafuta kwa muda mrefu, na muundo wa mojawapo ulijulikana mwaka 1991 tu.

Hata hivyo, si mabaki yote yanayojificha. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba ndizi mbivu hung'aa samawati chini ya mwanga wa urujuanimno, na kwamba mng'ao huo unatokana na mabaki ya klorofili yaliyomo katika ganda. Mwenye duka aliye na taa ya kukagulia noti bandia anaweza kujionea mwenyewe: ndizi mbichi haitoi mng'ao huo, ndizi ya manjano hutoa, na kando ya yale madoa ya kahawia yanayotokea ndizi inapozidi kuiva huonekana duara la samawati lililokolea zaidi.

Inafaa kujua pia kwa nini mmea unajitaabisha hivyo, kwa kuwa jibu hilo ndilo linalofafanua dalili nyingi za shambani. Katika jani la kawaida la mboga, karibu asilimia 75 ya nitrojeni imo katika kloroplasti, na sehemu kubwa yake iko katika protini. Klorofili yenyewe ina takriban asilimia 2 tu, na hiyo haihamishwi. Hubaki katika jani hadi linapoanguka. Kinachotafutwa na mmea basi ni protini, ambazo hubomolewa ili nitrojeni yake ipelekwe kwenye majani machanga na mbegu. Klorofili inalazimika kuondolewa kwa sababu ikiachwa huru bila protini zake, huendelea kunasa mwanga na kuzalisha oksijeni yenye sumu inayoua seli kabla ya kazi ya kuhamisha chakula kukamilika.

Manjano yanayojitokeza katika jani na katika ganda la ndizi yalikuwapo tangu mwanzo. Ni karotenoidi, yaani rangi za manjano na chungwa za mmea, zilizokuwa zimefunikwa na kijani. Nyanya ni tofauti, kwa kuwa wekundu wake hutengenezwa upya, na tofauti hiyo itahitajika hapa chini.

Kimeng'enya kinachotoa magnesiamu ndicho kinachofungua kazi yote. Njegere zilizobaki za kijani hata zilipokauka, ambazo Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, alizitumia katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1866, zilikuwa na hitilafu katika jeni ya kimeng'enya hicho. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2007, na kazi yake ya kuondoa magnesiamu ikabainishwa mwaka 2016. Kwa muuzaji wa matunda jambo la kuzingatia ni hili: njegere hizo zilikomaa, zikakauka na kuota kama kawaida. Hazikuwa changa, zilikosa tu uwezo wa kuiondoa rangi.

Dalili: ndizi imelainika lakini ganda halijageuka

Malalamiko haya huongezeka kati ya Januari na Machi, na chanzo chake kikuu ni joto. Ndizi za jamii ya Cavendish, zikiwemo Grand Nain na Williams, zikiivishwa katika joto linalozidi nyuzi 24 za Selsiasi, wanga wake hugeuka sukari na nyama yake hulainika, lakini ubomoaji wa klorofili katika ganda hubaki nyuma. Anayezipapasa huziona zimeiva, anayezitazama huziona mbichi, na wote wawili wako sahihi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ya nje si ya kulaumiwa sana. Joto linalodhuru ni lile la ndani ya stoo. Chumba cha mabati kisicho na dari hupata joto kali mchana, na ndizi zenyewe hupumua na kutoa joto, kwa hiyo katikati ya rundo lililofunikwa kwa turubai huwa na joto kuliko kingo zake. Uchunguzi wake ni rahisi. Fungua rundo na ulinganishe chane za katikati na za pembeni. Ikiwa za pembeni zimegeuka manjano vizuri na za katikati ni laini ilhali zingali za kijani, usilaumu mkulima wala aina ya ndizi, laumu mpangilio. Zipange katika kreti zenye nafasi kati yake, acha hewa ipite, na kama unaweza kuchagua, funika usiku na ufunue mchana.

Chanzo cha pili hufanana na hicho. Ndizi zilizofungiwa kabisa hujaza chumba kaboni dioksidi, na gesi hiyo huizuia ethilini, homoni ya kuiva, isifanye kazi yake. Ndiyo maana vyumba vya kitaalamu vya kuivishia, vinavyotumia ethilini ya kiwango cha takriban sehemu 100 kwa milioni kwa muda wa saa 24 hadi 48, katika joto la nyuzi 14 hadi 18 na unyevu wa asilimia 90 hadi 95, hupitishiwa hewa safi mara kwa mara ili kaboni dioksidi isizidi asilimia 1. Asiye na chumba kama hicho achukue kanuni iliyo nyuma yake: funika ili ethilini ibaki, lakini funua kila siku ili hewa ibadilike.

Ikiwa ndizi haigeuki rangi na pia hailainiki, tatizo ni jingine. Itazame umbo. Ndizi iliyokatwa mapema huwa na pembe kali ubavuni, ilhali iliyokomaa huwa imejaa na kuviringana. Ndizi changa huchelewa kuitikia ethilini, na hata ikigeuka huwa haina utamu wa kutosha. Hakuna ufundi wa stoo unaoweza kurudisha wiki zilizokatwa mgombani.

Wapo wanaotumia kabaidi ya kalsiamu ili kuharakisha kazi. Ikipata unyevu, kabaidi hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini, na ganda hugeuka. Lakini kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, ambazo hazifai kukaribia chakula hata kidogo. Kwa maoni yangu njia hiyo haina utetezi, hasa kwa kuwa matunda machache yaliyokwisha kuiva, yakiwekwa pamoja na mabichi katika kreti iliyofunikwa, hutoa ethilini ya kutosha bila gharama. Hata moshi uliotumiwa na wazee kuivishia ndizi shimoni ulifanya kazi kwa sababu una ethilini ndani yake.

Dalili: ndizi imekwama kwenye rangi ya kijivu au imekuwa nyeusi

Hapa chanzo ni baridi. Chini ya nyuzi 13 hivi, seli za ganda huumia, na vimeng'enya vinavyobomoa klorofili hufanya kazi nusu nusu. Ndizi haiwi kijani wala manjano, bali hupata umanjano uliofifia wenye kivuli cha moshi. Usiku wa Julai jijini Nairobi joto la nje huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, na ndizi zilizolala kwenye kibanda kisicho na kuta zinaweza kuumia bila mtu kujua hadi siku kadhaa baadaye. Ili kuhakikisha, kwangua ngozi ya juu ya ganda kwa ncha ya kisu. Ukiona michirizi ya kahawia inayofuata urefu wa ndizi chini ya ngozi hiyo, ni baridi iliyofanya hivyo. Ndizi iliyoumia hivyo haiponi. Iliyo jirani yake ndiyo ya kuokolewa, kwa kuiingiza ndani na kuifunika kwa gunia kavu.

Friji ya nyumbani, ambayo kwa kawaida huwa na nyuzi 4 hivi, huleta madhara yale yale kwa kasi zaidi. Ndizi mbichi isiingizwe humo kamwe. Iliyokwisha kuiva inaweza kuingizwa: ganda litakuwa jeusi, ila nyama yake itabaki nzuri kwa siku kadhaa.

Dalili: chungwa tamu lenye ganda la kijani

Hapa hakuna tatizo lolote isipokuwa katika jicho la mnunuzi. Chungwa haliivi kwa ethilini kama ndizi. Likishachumwa haliongezi utamu. Ganda lake hupoteza klorofili linapopata usiku wenye ubaridi likiwa bado mtini, na katika nchi za joto ubaridi huo haufiki. Machungwa yanayoletwa Nairobi kutoka Muheza, mkoani Tanga, hukomaa katika joto la nyanda za chini, kwa hiyo huwa matamu yakiwa ya kijani, na kijani hicho hakisemi lolote kuhusu kilichomo ndani.

Wafanyabiashara wa nchi nyingine huyaweka machungwa kama hayo katika ethilini kidogo, sehemu 1 hadi 10 kwa milioni, ili ganda tu ligeuke. Ladha haibadiliki, kinachobadilika ni bei. Kuna hata kioja kingine: machungwa ya Valencia yakiachwa mtini kwa muda mrefu msimu wa joto huweza kurudia ukijani baada ya kuwa ya rangi ya chungwa, kwa sababu kromoplasti za ganda, yaani vijisehemu vya seli vinavyobeba rangi ya chungwa, hugeuka tena kuwa kloroplasti. Chungwa la kijani katika hali hiyo ndilo lililokomaa kuliko yote. Mnunuzi na apime uzito mkononi: kati ya mawili yenye ukubwa sawa, zito ndilo lenye maji.

Parachichi na embe

Parachichi halilainiki likiwa mtini; huanza kulainika baada ya kuchumwa. Aina ya Hass hugeuka kuwa ya zambarau iliyokolea karibu na weusi, lakini hiyo si ishara ya klorofili pekee, bali ni anthosianini, yaani rangi za zambarau, mpya zilizotengenezwa katika ganda. Fuerte hubaki ya kijani hata ikiwa tayari kuliwa. Anayesubiri Fuerte igeuke nyeusi atasubiri hadi ioze. Bonyeza karibu na kikonyo, uache rangi.

Kwa embe, wekundu wa shavu huonyesha tu upande uliopigwa na jua mtini. Aina kama Kent huweza kuiva huku sehemu kubwa ya ganda ikibaki ya kijani. Tazama mabega yaliyojaa kuzunguka kikonyo na unuse.

Dalili: nyanya yenye mabega ya kijani au iliyoishia kwenye manjano

Nyanya inafanya kazi mbili kwa pamoja: inabomoa klorofili na inatengeneza likopeni, ambayo ndiyo wekundu wake. Kila kazi ina mpaka wake wa joto. Joto likizidi nyuzi 30 kwa muda, utengenezaji wa likopeni huzorota ilhali karotenoidi za manjano huendelea kuwapo, na tunda huishia kuwa la manjano au la rangi ya chungwa. Mabega yaliyopigwa na jua moja kwa moja hubaki ya kijani au ya manjano na magumu. Kwa hiyo, ukiona nyanya za juu ya mche zina mabega na za ndani ya majani ni nyekundu sawasawa, mkulima alipogoa majani kupita kiasi. Ukiona nyanya zote zimeishia manjano, chunguza joto la kibanda-nailoni au la stoo.

Baridi nayo huharibu. Nyanya ya kijani iliyowekwa kwenye friji kwa siku kadhaa huweza isiive vizuri hata ikitolewa, kwa kuwa chini ya nyuzi 12 hivi huumia. Nyanya ambayo ni ya kahawia ilhali imeiva na haina ugonjwa ni habari nyingine tena: kuna aina ambazo jeni ile ile ya njegere za Mendel ina hitilafu, kwa hiyo wekundu hutengenezwa lakini kijani hakiondoki, na mchanganyiko wake huonekana kahawia. Zinalika bila shida.

Dalili: sukuma wiki inageuka manjano baada ya kununuliwa

Jani lililochumwa limetengwa na mizizi, na mizizi ndiyo chanzo kikuu cha saitokinini, homoni inayolizuia jani lisizeeke. Mwaka 1957 watafiti walionyesha kwamba majani yaliyokatwa yakipewa kinetini, iliyo ya jamii hiyo ya homoni, huchelewa kupoteza protini na rangi. Jikoni hatuna homoni hiyo, kwa hiyo tunabaki na mambo matatu ya kudhibiti: joto, ethilini na umri wa jani.

Kosa lililo la kawaida zaidi ni la ethilini. Fungu la sukuma wiki likiwekwa kwenye kapu moja na ndizi mbivu, embe au parachichi, hugeuka manjano mapema kuliko lilivyostahili, kwa sababu gesi ambayo ni baraka kwa tunda ni amri ya kuzeeka kwa jani. Vivyo hivyo kwa brokoli na tango. Ikiwa fungu moja limegeuka na jingine la siku hiyo hiyo halijageuka, angalia kwanza kila moja lilikaa karibu na nini.

Pili, joto. Tofauti na ndizi, sukuma wiki hustahimili baridi ya friji vizuri, na kila saa inayokaa juani huharakisha kuzeeka kwake. Mama mboga anayenyunyizia maji anafanya jambo la maana, kwa kuwa maji yanapokauka huipoza mboga na kuizuia isinyauke, lakini asidhani kwamba ameizuia isigeuke rangi: kunyauka na kupoteza klorofili ni mambo mawili tofauti, na jani linaweza kuwa limesimama wima ilhali linageuka manjano. Maji yakituama katikati ya fungu lililobanwa, huleta uozo.

Tatu, umri. Majani ya chini ya mche huwa yamekwisha kuanza kuzeeka yanapochumwa. Yakigeuka kesho yake, hakuna aliyekosea kuhifadhi. Yale yaliyokatwakatwa kabisa na kuuzwa tayari kupikwa yapikwe siku hiyo, kwa kuwa kila jeraha la kisu huongeza ethilini na huzichanganya asidi za vakuoli na klorofili iliyokuwa salama kloroplastini.

Dalili: sukuma wiki inageuka manjano ikiwa bado shambani au guniani

Hapa ndipo watu hukimbilia dukani kununua dawa kabla ya kutazama. Maswali mawili yanatosha kupunguza uwezekano wote: ni majani gani yaliyoathirika, ya chini au ya juu, na ni sehemu gani ya jani, lote au nafasi zilizo kati ya mishipa?

Majani mawili matatu ya chini kabisa yakigeuka huku mche ukiendelea kutoa majani mapya ya kijani na mapana, hayo ni mazee. Yaondoe. Lakini majani ya chini yakigeuka manjano yote, moja baada ya jingine, na ya juu yakawa madogo na ya kijani hafifu, mche una njaa ya nitrojeni, na unafanya kile kile kilichoelezwa hapo juu: unabomoa protini za wazee ili kuwalisha wachanga. Katika bustani za magunia, kama zile za Kibera na Mathare, upungufu huu huja haraka kwa sababu udongo ni mchache na kila debe la maji linalomwagwa hupitisha sehemu ya nitrojeni na kuitoa chini. Samadi iliyooza vizuri, au mbolea ya CAN, iliyo na nitrojeni, kidogo kidogo, hutibu. Usipime matokeo kwa jani lililokwisha kuwa manjano kabisa, kwa kuwa hilo halirudi. Pima kwa jani linalofuata.

Majani ya chini yakiwa ya manjano kati ya mishipa ilhali mishipa yenyewe ni ya kijani, shuku magnesiamu. Madini haya huhamishika ndani ya mche, kwa hiyo yakipungua hunyang'anywa majani ya zamani na kupelekwa kwa mapya. Udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu na Kiambu huelekea kuwa na asidi, na udongo wenye asidi hushindwa kuyashikilia. Kunyunyizia majani chumvi ya Epsom, iliyo na magnesiamu, gramu 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, hutoa jibu ndani ya siku chache. Ukijani ukirejea kwenye majani yaliyoathirika kidogo, umepata chanzo.

Mchoro ule ule wa mishipa ya kijani ukionekana kwenye majani machanga ya juu, chanzo ni madini ya chuma, ambayo hayamo ndani ya klorofili lakini bila hayo haitengenezwi, na ambayo mche hauwezi kuyahamisha kutoka majani ya zamani. Mara nyingi chuma kimo udongoni ila mizizi haikifikii. Majivu ya jikoni yanastahili kutajwa hapa. Wengi huyamwaga guniani wakiamini ni mbolea ya kila kitu, na kwa kiasi kidogo hayadhuru. Yakizidi, huondoa asidi ya udongo hadi chuma hakiyeyuki, na potasiamu yake nyingi hushindana na magnesiamu mizizini. Mche unaweza basi kuonyesha dalili zote mbili, juu na chini, kwa sababu ya ukarimu wa mwenyewe. Majani machanga yakiwa ya manjano yote bila mishipa ya kijani kujitokeza, fikiria salfa.

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi, uliza kwanza kuhusu maji kabla ya mbolea. Mvua za Aprili zikituama, mizizi hukosa oksijeni na huacha kunyonya chochote, na mche huonekana una njaa katikati ya chakula. Inua tuta, chimba mfereji, usubiri.

Umanjano wenye umbo la V, unaoanzia ukingoni mwa jani na kuelekeza ncha yake kwenye mshipa mkuu, huku mishipa iliyomo ikiwa myeusi, si upungufu. Huo ni uozo mweusi unaosababishwa na bakteria. Ng'oa mche, usiutupe kwenye mboji, na usipande sukuma wiki wala kabichi mahali hapo msimu unaofuata. Vitone vidogo vya manjano vilivyotapakaa huelekeza kwa wadudu wanaofyonza. Geuza jani utazame upande wa chini.

Dalili: kiazi kimekuwa kijani

Hili ni tatizo la kinyume, kwa kuwa klorofili inatengenezwa pale isipotakiwa. Kiazi kilichokaa kwenye mwanga wa kibanda au wa dirisha la jiko hujenga klorofili chini ya ngozi. Klorofili hiyo haina madhara, ila mwanga huo huo huchochea pia sumu za aina ya solanini, ambazo hazionekani na haziondoki kwa kuchemshwa. Kata sehemu ya kijani kwa kina, na kiazi kilicho kichungu kitupwe. Gunia lifungwe na liwekwe gizani.

Dalili: mboga imegeuka rangi ya zeituni sufuriani

Mboga ikiingia tu kwenye joto hung'aa zaidi, kwa sababu hewa iliyo kati ya seli hutoka. Baadaye joto huvunja kuta za seli, asidi za mboga humwagika, na hidrojeni ya asidi huchukua nafasi ya magnesiamu katikati ya pete. Kinachobaki huitwa feofitini, chenye rangi ya zeituni iliyochanganyika na kahawia. Mmea haujaamua lolote hapa. Ni kemia tupu, na haibadiliki kurudi nyuma.

Muda na mfuniko ndivyo vya kuchunguza kwanza. Sufuria iliyofunikwa huzirudisha asidi zinazopanda na mvuke, ilhali iliyo wazi huziacha zitoroke. Nyanya huongeza asidi, kwa hiyo sukuma wiki inayotiwa kwenye nyanya na kuachwa itokote robo saa itakuwa ya zeituni kwa vyovyote vile. Kaanga kitunguu na nyanya hadi ziive kabisa, tia mboga mwishoni, geuza kwa dakika tatu hadi tano bila kufunika, uepue.

Magadi, ambayo wengi hutia katika managu na kunde, hupunguza asidi na hivyo huilinda klorofili, na pia hulainisha majani magumu. Gharama yake ni vitamini C, ambayo huharibika katika maji yenye magadi, na mboga iliyotiwa magadi mengi huteleza na kupata ladha ya sabuni. Kunde changa hazihitaji. Zilizokomaa zinaweza kutiwa chembe ndogo, nazo kunde za kukausha zichovywe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, ili vimeng'enya vife, kisha zianikwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huipausha klorofili hata katika jani lililokwisha kukauka.